Mgongo Wazi: Kujitegemea Huanzia Chooni

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, ndugu na majirani huuliza kwanza: je, atatembea? Swali hilo lina haki yake, lakini halitoshi. Uti wa mgongo usipofunga vizuri katika wiki nne za mwanzo za mimba, mishipa ya fahamu hupata hitilafu, na mishipa hiyo haihudumii miguu peke yake. Huhudumia pia kibofu, haja kubwa na hisia za ngozi. Ndiyo maana kijana anayetembea kwa magongo anaweza kuacha shule kwa aibu ya kulowa mkojo, ilhali mwenzake wa kitimwendo anayejua kujihudumia akamaliza kidato cha nne.

Njia ya kujihudumia inajulikana. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani na wenzake walionyesha kuwa mtu anaweza kutoa mkojo mwenyewe kwa mrija wa mpira ulio safi tu, si lazima uwe umetakaswa kama vifaa vya upasuaji. Kijana hunawa kwa sabuni, huingiza mrija kwenye njia ya mkojo, humwaga mkojo, kisha huusafisha mrija, na baada ya saa chache hurudia. Watoto wengi huweza kujifunza wakiwa shule ya msingi, na figo zao husalimika. Ila katika kata ya Chilangala, kama kwingineko wilayani Newala, kusini mwa Tanzania, uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Maji ya bomba husukumwa kutoka bondeni, na kaya nyingi hukinga ya mvua. Shule yenye choo kisicho na komeo wala ndoo ya maji imemfukuza kijana huyu bila kumwandikia barua.

Wapo watakaosema vijiji vina shida kubwa kuliko za wachache. Lakini choo chenye maji na faragha ndicho anachohitaji pia msichana aliye katika hedhi, kwa hiyo gharama yake ni ya wote. Wazazi nao huhofia kwamba kitimwendo kitamlemaza mtoto. Ukweli ni kwamba magongo humchosha mtu kwenye njia ndefu za mikorosho, na akifika shuleni hoi hasomi. Magongo ya nyumbani na kiti cha safari vinaweza kupokezana. Muhimu ni aina ya kiti: chenye magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani, cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali hupita kwa urahisi zaidi.

Hofu nyingine ni ya vidonda, na ni ya kweli, kwa kuwa ngozi isiyohisi huungua au kuchubuka kimyakimya. Hata hivyo, mama hatamkagua mwanawe maisha yote. Mfundisheni kujikagua kwa kioo kila jioni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kijana huyu ya kusoma na kufika panapofikiwa na wengine. Kamati za shule, anzeni na komeo na ndoo ya maji. Hayo hayasubiri mfadhili.