Nani Humkunja Samaki? Malezi ya Tabia ya Watoto wa Shule za Msingi Garissa

Kila inapojadiliwa nidhamu ya watoto, wazungumzaji wengi wa Kiswahili huanza na methali "samaki mkunje angali mbichi". Ni methali nzuri, ila ina pengo. Haisemi ni nani anayekunja, wala haisemi itakuwaje iwapo mkono wa mkunjaji utaondolewa kazi ikiwa nusu. Katika kaunti ya Garissa pengo hilo ni la kila siku. Mtoto wa huko hulelewa na wakunjaji watatu, yaani nyumba, duksi na shule, na aghalabu kila mmoja hufanya kazi yake bila kujua mwenziwe amefikia wapi. Makala haya yanafafanua yale anayoyapata mtoto kwa kila mmoja wao, na yale yanayopotea katikati.

Tuanze na nyumba. Katika familia za wafugaji, mtoto wa miaka saba hivi huwa tayari amekabidhiwa wanambuzi. Kazi hiyo ni shule kamili ya tabia. Humfunza kuhesabu bila kalamu, kuwa macho, kukiri anapompoteza mmoja, na kumwuliza habari mgeni anayekutana naye njiani. Kisimani hujifunza kungoja zamu, kwa kuwa anayeruka zamu ya maji hana wa kumtetea. Mtoto huyo huyo akifika darasani huketishwa, hunyamazishwa na kuamriwa anakili yaliyoandikwa ubaoni. Jana aliaminiwa na mali ya ukoo. Leo haaminiwi hata na chaki. Mwalimu anayetaka kumjenga hahitaji kuanza na mada ya uwajibikaji kitabuni. Amkabidhi kengele, mtungi wa maji ya kunywa au daftari la vitabu vilivyoazimwa, na amwulize hesabu yake jioni. Ajabu ni kwamba katika shule nyingi ukiranja bado hutolewa kwa wenye alama za juu, kana kwamba hesabu za ubaoni na uaminifu ni kitu kimoja.

Duksi ina mchango wake. Kabla ya kuingia shule ya msingi, mtoto wa Kisomali huwa amekwisha kukaa mbele ya maalim akiwa na ubao wake wa mti, uitwao loox, akiandika aya kwa wino, akihifadhi na kuufuta ubao ili aandike nyingine. Humo hupata subira na heshima kwa kilichoandikwa. Wakubwa huwasikiliza wadogo wakisoma, hivyo mtoto hujua mapema kwamba aliyetangulia kujua ana deni kwa asiyejua. Dosari ya mafunzo haya katika duksi nyingi ni fimbo. Shuleni fimbo ilipigwa marufuku mwaka 2001, ingawa haijatoweka kabisa. Mtoto aliyezoea kutii kwa kuogopa hunyamaza mwenye fimbo anapokuwapo, na ukimya huo usidhaniwe kuwa adabu.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi na wanafunzi wa Kiswahili ni lugha ya adabu yenyewe. Kwa Kisomali, mtu huweza kuomba maji kwa kitenzi cha amri bila kumkosea yeyote. Heshima hubebwa na sauti pamoja na neno la udugu linaloambatana na ombi: "adeer" kwa mwanamume aliye rika la baba mdogo, "eeddo" kwa shangazi, "walaal" kwa ndugu. Mtoto huyo akilihamishia ombi lake katika Kiswahili, husema "Mwalimu, nipe kitabu". Mwalimu aliyetoka Kakamega au Machakos, aliyelelewa kwa "naomba" na "tafadhali", husikia ufidhuli. Mtoto naye hushangaa anakemewa kwa kosa gani. Huenda Kiswahili chake cha kwanza alikisikia kwa mwalimu huyo huyo, nacho kilikuwa "kaa chini", "nyamaza", "njoo hapa"! Hapa hakuna upungufu wa tabia. Kuna tafsiri isiyokamilika. Mwalimu aliyejifunza kusema "walaal" na kumfundisha mtoto kusema "naomba unipatie" huwa amewaokoa wote wawili.

Fasihi simulizi nayo ni daraja lililo karibu. Watoto wa Garissa humjua Dhegdheer, jitu la kike lenye sikio refu linalokula watu, kama wenzao wa Lamu wanavyomjua Zimwi. Humjua pia Cigaal Shidaad, mwoga maarufu wa visa vya Wasomali. Kisa cha mwoga huyo kikisimuliwa kwa Kiswahili na mtoto mwenyewe, darasa hucheka, kisha mjadala huzuka wenyewe kuhusu tofauti ya woga na tahadhari. Mtoto asiyethubutu kusimama kujibu swali la sarufi husimama kusimulia.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, umetaja maadili yanayotakiwa: upendo, heshima, uwajibikaji, umoja, amani, uzalendo, uadilifu na haki. Orodha hiyo haina kasoro. Lakini tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na katika miezi iliyofuata walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Uoga wao ulikuwa na sababu. Mwaka 2014 walimu walikuwa miongoni mwa abiria 28 waliouawa karibu na Mandera, na Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa. Hakuna awezaye kuwalaumu. Hata hivyo, mtoto wa gredi ya pili hakuelezwa sababu. Aliona tu kwamba aliyemfunza kusema "samahani" ameondoka bila kuaga. Maalim wa duksi alibaki, nyumba ilibaki.

Katika eneo hilo la Kaskazini Mashariki, Desemba 2015, washambuliaji walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao, Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016 kutokana na majeraha. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wanafunzi wake hawakuhitaji kusomewa maana ya umoja.

Kwa familia zisizo na makao ya kudumu zipo pia shule za kuhamahama. Malisho yanapokwisha, aqal hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia, na ubao wa darasa huwekwa pamoja na vyombo. Mwalimu hutembea na wanafunzi wake. Asubuhi huwaona wakikamua, adhuhuri huwafundisha chini ya mgunga, na jioni huketi nao zinapoanza hadithi.