Fahamu: Mama anaposahau njia ya nyumbani

Mama anarudia swali lilelile mara tano, kisha anapotea katika njia ya sokoni aliyoipita miaka yote. Katika kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, kama kwingineko nchini, wapo watakaosema ni uzee tu, na wapo watakaonong'ona uchawi. Huenda ni demensia, maradhi ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 waliishi nayo mwaka 2021. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, uliikuta kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi.

Nani amtunze? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo. Makazi ya wazee ya serikali ni ya wasio na wa kuwatunza. Mzigo hubaki nyumbani, mara nyingi kwa binti au mkamwana mmoja.

Gawaneni zamu. Msibishane naye. Mpelekeni hospitali mapema, kwani usahaulifu unaotokana na upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kutibika. Na hata akilisahau jina lako, mshike mkono: bado ni mama.