Vyungu vya Wakisi: Udongo wa nyumbani, cheti cha mpakani

KYELA, Tanzania

Kijiji cha Ikombe kimebanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa. Ardhi ya kulima ni haba, hivyo wanawake wa Kikisi wamejenga jina lao kwa ufinyanzi. Udongo huchimbwa eneo hilo hilo, hufinyangwa kwa mkono, hukaushwa, kisha vyungu huchomwa kwa moto wa wazi.

Vyungu hivyo husafiri kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, ambako wachuuzi huvinunua na kuvipeleka Kyela, Tukuyu na Mbeya. Hapo ndipo hesabu ngumu huanza. Ndoo ya plastiki ikidondoka huokotwa. Chungu kikidondoka huzolewa. Bei ya chungu kilichofika salama lazima ibebe hasara ya kilichovunjika njiani.

Kwa mchuuzi anayewaza soko la Malawi, mpaka wa Kasumulu, kwenye Mto Songwe, uko jirani. Na kwa jambo moja chungu kinazishinda bidhaa nyingi: uasili wake hauna ubishi. Udongo ni wa Tanzania, kazi ni ya Tanzania. Kanuni za uasili ndizo huamua bidhaa ipi ipate nafuu ya ushuru wa forodha.

Kosa linalogharimu ni kuchanganya vyeti. Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hutolewa mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja. Kinafaa kwa anayekwenda Kenya au Uganda, lakini Malawi si mwanachama wa Jumuiya hiyo. Malawi imo COMESA, ambako Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Nchi zote mbili zimo SADC, na cheti cha SADC ndicho cha kuulizia kwanza.

Cheti hakizuii chungu kuvunjika, wala hakifuti kila tozo. Lakini humpunguzia mchuuzi hasara ya pili, na kumwachia cha kumlipa mfinyanzi wa Ikombe bei ya haki.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ofisa wa forodha aulizwe kabla mzigo haujapakiwa, si ukiwa tayari kwenye foleni ya Kasumulu.