Kirusi kinapoufunga mlango wa tiba ya kompyuta

KOMPYUTA ya nyumbani inapogoma kupokea masasisho ya programu zake, watumiaji wengi hulaumu kasi ndogo ya intaneti, hufunga ujumbe wa hitilafu uliojitokeza kwenye kioo na kuendelea na shughuli zao. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo kugoma huko ndiyo dalili pekee inayoonekana kwamba kompyuta imekwisha kutekwa na kirusi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Masasisho ndiyo njia wanayoitumia watengenezaji kuziba mianya inayogunduliwa baada ya programu kuuzwa. Kwa njia hiyo hiyo, programu za kinga hupokea orodha ya virusi vipya. Kirusi kinachokusudia kukaa muda mrefu hakina budi kuifunga njia hiyo mapema, kabla dawa yake haijafika.

Mfano unaojulikana sana ni wa kirusi kilichoitwa Conficker. Oktoba 23, 2008, kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha dharura cha kuziba mwanya uliokuwa katika mfumo wa Windows. Novemba mwaka huo, Conficker kilianza kuenea kwa kupitia mwanya huo huo, katika kompyuta ambazo wenyewe hawakuwa wameweka kiraka. Toleo lake la pili, lililojitokeza mwishoni mwa Desemba, liliongeza njia mbili: kujinakili kwenye flashi, na kubahatisha maneno ya siri yaliyo dhaifu katika kompyuta zilizounganishwa pamoja.

Kilipokwisha kuingia, kirusi hicho kilizima huduma ya masasisho ya Windows pamoja na huduma za ulinzi. Aidha, kila kompyuta ilipotafuta anwani yenye majina kama Microsoft, Symantec au Kaspersky, kilizuia anwani hiyo isipatikane. Tovuti nyingine zilifunguka kama kawaida, hivyo mwenye kompyuta hakuwa na sababu ya kushuku jambo.

Mamilioni ya kompyuta duniani yaliambukizwa. Januari 2009 kilivamia mtandao wa Jeshi la Majini la Ufaransa, na mwezi uliofuata Microsoft ilitangaza zawadi ya dola 250,000 za Marekani kwa atakayesaidia kukamatwa kwa waliokitengeneza. Aprili 2016, zaidi ya miaka saba baada ya kiraka kutolewa, Conficker kiligunduliwa pamoja na kirusi kingine katika kompyuta za kituo cha nishati ya nyuklia cha Gundremmingen, Ujerumani.

Kabla ya kutuhumu kirusi, mtumiaji anashauriwa kuondoa kwanza sababu za kawaida. Diski iliyojaa, tarehe isiyo sahihi ya kompyuta au intaneti dhaifu huweza kukwamisha masasisho. Vilevile, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na kompyuta inayoitumia bila kuandikishwa katika mpango wa nyongeza haipati tena viraka vya usalama, hata kama ni nzima kabisa.

Ikiwa sababu hizo hazipo, kipimo rahisi ni kulinganisha. Tovuti za makampuni ya kinga zikifunguka katika simu iliyounganishwa na intaneti hiyo hiyo, lakini zikakataa katika kompyuta wakati tovuti nyingine zinafunguka, shaka huongezeka sana.

Hatua ya kwanza ni kuiondoa kompyuta kwenye intaneti na kwenye mtandao wa nyumbani. Isitumike kwa huduma za benki wala kuandikia neno lolote la siri. Flashi iliyowahi kuchomekwa humo isipelekwe kwingine kabla ya kukaguliwa.

Kwa kuwa mlango wa ndani umefungwa, dawa haina budi kutoka nje. Katika kompyuta nyingine iliyo safi, mtumiaji apakue chombo cha kusaka virusi kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Chombo cha Microsoft kiitwacho Safety Scanner hutolewa bure na hutumika kwa siku 10 tu, kisha hupakuliwa upya. Windows 10 na 11 zina pia ukaguzi uitwao Microsoft Defender Offline, ambao huwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows yenyewe haijaanza, wakati ambao kirusi hakijapata nafasi ya kujificha.

Tahadhari inahitajika dhidi ya matangazo yanayojitokeza ghafla yakidai kuuza tiba. Aprili 2009, Conficker chenyewe kilisambaza programu bandia ya kinga iliyowatisha watumiaji ili walipe fedha.

Kufuta kirusi si mwisho wa kazi. Huduma ya masasisho iliyozimwa iwashwe tena, na mipangilio ya intaneti ikaguliwe, kwani kirusi huweza kuacha maelekezo yanayoendelea kuzuia anwani. Baada ya hapo masasisho yote yapokelewe, na maneno ya siri yabadilishwe. Masasisho yakigoma tena, njia ya uhakika zaidi ni kuhifadhi nakala ya nyaraka na picha peke yake, kufuta diski yote na kuingiza Windows upya. Nakala hizo zikaguliwe kabla ya kurudishwa.

Kwa Afrika Mashariki, ambako flashi moja huweza kutoka duka la kuchapishia, ikapita ofisini na kuishia nyumbani, suala hili halina ugeni. Wapo pia wanaozima masasisho kwa makusudi ili kuokoa kifurushi cha intaneti. Uamuzi huo unaeleweka, lakini hukifanyia kirusi kazi yake kabla hakijafika. Waliotekwa na Conficker kwa njia ya mwanya ule wa Windows walikuwa na kiraka kisichohitaji malipo kwa takribani mwezi mzima. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika kompyuta ukuta huo huwa ni nyaraka za miaka mingi zisizo na nakala.