Makufuli Mawili: Kurejesha Data za Lugha kutoka Kompyuta Kongwe ya Unix

1. UTANGULIZI

Mashine iliyotufanya tuandike makala haya ni SPARCstation, kompyuta ya mezani ya kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, iliyohifadhiwa katika nyumba moja ya Gataka, Kajiado. Ndani yake mna orodha za maneno na masimulizi ya Kimaasai yaliyonakiliwa kutoka kanda. Mtafiti aliyeyaingiza amekwisha fariki, na miongoni mwa jamaa zake hakuna ajuaye neno la siri. Baadhi ya wasimulizi nao hawapo tena, hivyo data hizo haziwezi kukusanywa upya.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mashine ya namna hii inavyoweza kufunguliwa. Aidha, tutajaribu kuonyesha kwamba neno la siri ni kufuli la kwanza tu, tena lililo jepesi. Kufuli la pili linamhusu mwanaisimu zaidi kuliko fundi.

2. NENO LA SIRI HUHIFADHIWA VIPI?

Wengi hudhani kwamba neno la siri limeandikwa mahali fulani ndani ya mashine, na kwamba fundi hodari anaweza kulisoma. Sivyo. Katika mifumo ya Unix ya wakati huo, mtumiaji alipochagua neno, programu iitwayo crypt ilichukua herufi nane za mwanzo na kuzifanya ufunguo wa kufumbia safu ya sufuri mara 25. Alama mbili za kubahatisha ziliongezwa, ili watu wawili wenye neno moja wasipate matokeo yaliyo sawa. Kilichowekwa katika faili la watumiaji ni matokeo hayo tu, yenye alama 13.

Kazi hiyo ni ya upande mmoja. Mahindi husagwa yakawa unga, lakini unga haurudi kuwa mahindi. Mtu anapoingiza neno, mashine hulisaga vilevile, kisha ikalinganisha unga na unga.

Njia iliyobaki kwa anayelitaka neno lenyewe ni kukisia: kusaga maneno mengi mno hadi moja litoe alama zile zile. Mwaka 2019 neno la siri la kale la Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, lilipatikana kwa njia hiyo. Lilikuwa p/q2-q4!, yaani hatua ya mchezo wa sataranji iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani. Kulipata kuliichukua kompyuta ya kisasa siku kadhaa. Hata hivyo, mwenye mashine mikononi mwake hana haja ya kukisia.

3. KULIFUNGUA KUFULI LA KWANZA

Kanuni ya msingi ni hii: anayeuliza neno la siri ni mfumo ulio katika diski, nao huuliza pale tu unapoendeshwa. Diski hiyo ikisomwa na mfumo mwingine, mlinzi hayupo mlangoni. Kutokana na kanuni hii tunapata njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuitumia mashine yenyewe. Inapowashwa, vibonye vya Stop na A hubonyezwa kwa pamoja, na udhibiti hurudi kwa programu ya msingi. Hapo mashine huamriwa ianze kwa CD yenye mfumo wa Solaris badala ya diski yake. Kisha faili lenye maneno ya siri hufunguliwa, na zile alama 13 za mtumiaji mkuu, aitwaye ruti, hufutwa. Mashine ikiwashwa tena, ruti huingia bila neno lolote. Huenda mashine ikalalamika kwamba haijui namba yake ya utambulisho, kwa sababu betri ndogo iliyokuwa ikiihifadhi imekufa. Jambo hilo ni la kawaida kwa mashine za umri huo, wala halifuti kilichomo katika diski.

Njia ya pili ni kuiondoa diski, kuiunganisha na kompyuta ya Linux kwa adapta ya SCSI, na kuinakili yote, biti kwa biti, kwa amri ya dd. Nakala ndiyo inayofunguliwa, tena kwa kusoma tu. Linux inaufahamu mpangilio wa mafaili wa Sun. Tunaipendelea njia hii, kwa kuwa diski kongwe yaweza kugoma wakati wowote, na njia ya kwanza huibadilisha diski kabla ya kuwapo nakala.

Kabla ya yote, idhini ya wenye mali ipatikane kwa maandishi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inaharamisha kuingia katika kompyuta bila idhini, hata kwa nia njema.

4. KUFULI LA PILI: HERUFI

Kama data hizo zingekuwa za Kiswahili, kazi ingeishia hapa, maana herufi za Kiswahili zote zimo katika zile alama 128 za msimbo wa ASCII. Kimaasai ni tofauti. Kina irabu tisa, na toni yake hubeba sarufi. Tucker na Mpaayei walikwisha kuonyesha katika sarufi yao ya 1955 kwamba toni ya nomino hutenganisha mtenda na mtendwa: kitenzi ni kile kile na nomino ni ile ile, lakini toni ndiyo inayoonyesha kama farasi anaona au anaonwa.

Toleo la kwanza la Unicode lilitolewa mwaka 1991. Kabla mfumo huo haujaenea, kila mtafiti alijitungia badala: tarakimu kwa irabu, alama ya mkwaju kwa toni, au fonti yake mwenyewe. Faili la namna hiyo likifunguliwa leo bila jedwali la badala hizo, maneno yataonekana, lakini farasi hatajulikana kama ni mtenda au mtendwa. Jedwali hilo huenda limo katika faili la fonti au katika programu ndogo ya kuchapia. Ndiyo sababu tunasisitiza diski inakiliwe nzima, si mafaili ya maandishi peke yake.

5. MAPENDEKEZO

Kila idara inayohifadhi data za lugha ingefaa iweke katika kabati lake la chuma bahasha iliyofungwa ya kila mradi, yenye mambo matatu: majina ya watumiaji na maneno yao ya siri, jedwali la herufi, na idhini ya wasimulizi. Kwa mashine ambazo wenyewe wamekwisha ondoka, nakala ya diski itangulie, kisha jedwali litafutwe. Palipo na kanda, zisikilizwe sambamba na maandishi pamoja na wazungumzaji wazee wa Kajiado, ambao bado wanaweza kutuambia kila alama ilisimamia sauti gani.