Wishwa Si Taka: Faida ya Nyuzinyuzi Katika Chakula

Katika njia itokayo Webuye kwenda Kitale, mtu apitaye Lugulu huona mashamba ya mahindi kila upande. Mahindi hayo yakifika kinuni, hapana budi mwenyewe aamue kama yakobolewe au yasagwe mazima. Wengi hupenda unga mweupe, na wishwa huenda kwa kuku. Lakini ndani ya wishwa huo mna kitu ambacho mwili wakihitaji sana, nacho ni nyuzinyuzi.

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea isiyoweza kuyeyushwa na tumbo la mwanadamu. Kwa sababu hiyo, zamani wengi walidhani kwamba hazina kazi. Kumbe hushika maji ndani ya matumbo, hulainisha choo na kukiharakisha. Hivyo humkinga mtu na kufunga choo na kumpunguzia taabu ya bawasiri. Nyuzinyuzi za maharagwe na kunde huchelewesha sukari kuingia katika damu, jambo limfaalo mwenye kisukari.

Sehemu kubwa ya elimu hii ilianzia Afrika ya Mashariki. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na kisha Uganda. Daktari Denis Burkitt, bingwa wa upasuaji, alifika Uganda mwaka 1946. Waliona kwamba magonjwa kadhaa ya matumbo yaliyokuwa mengi Uingereza yalikuwa haba kwa wakulima wa huku, waliokula nafaka, mizizi na majani. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walitangaza kwamba chakula cha wanavijiji wa Uganda kilipita tumboni upesi kuliko cha Waingereza. Uchunguzi uliofuata umethibitisha mengi waliyoyasema, ingawa si yote.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima apate gramu 25 au zaidi kila siku. Hizo hazihitaji fedha nyingi: zimo katika ugali wa mahindi yasiyokobolewa, au wa wimbi na mtama, katika maharagwe, kunde, sukuma wiki, viazi vitamu na mapera. Ila mahindi na yakaushwe barabara kabla ya kusagwa, maana yenye ukungu huweza kuwa na sumu. Tena aongezaye nyuzinyuzi na aongeze kidogo kidogo, akinywa maji ya kutosha.

Madaktari pia hutumia maganda ya mbegu za ispaghula kuwa dawa ya kulainisha choo. Lakini mtu aonaye damu katika choo asijitibu kwa chakula. Na aende hospitali mara moja.