Uzi mmoja ulivyochafua msimu wa kuruka skii

UNAIJUA ile presha ya VAR: bao limeshafungwa, uwanja mzima umeshashangilia, halafu refa anaweka kidole sikioni. Sasa ichukue presha hiyo uipeleke kwenye theluji ya Trondheim, Norway, Jumamosi ya Machi 8, 2025.

Marius Lindvik, mtoto wa nyumbani, amemaliza wa pili kwenye mnara mkubwa wa mashindano ya ubingwa wa dunia. Mashabiki wake wamejaa Granåsen. Medali ya fedha anaiona kabisa. Mara jina lake linafutwa, na la mwenzake, Johann André Forfang aliyekuwa wa tano, nalo linafutwa.

Kisa ni uzi. Uzi wa kushonea, huu huu anaoutumia fundi cherehani wa mtaani kwako.

Kabla ya kufika kwenye uzi, tuuelewe mchezo kwanza. Mrukaji anakaa juu ya mnara, anajiachia, anateleza hadi anafika kasi ya karibu kilomita 90 kwa saa, kisha anajirusha na kulala juu ya hewa huku skii zake zimefunguka kama herufi V. Anapewa pointi za umbali. Majaji watano wanampa za mtindo na kutua, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Upepo nao una hesabu yake. Ukikupiga usoni unakubeba, hivyo unakatwa pointi. Ukitoka mgongoni unakushusha, unaongezewa.

Ligi yao wanaiita Kombe la Dunia, ila si la mwezi mmoja kama letu. Linaanza Novemba na kuisha Machi, na mshindi wa kila shindano anabeba pointi 100, wa pili 80, wa tatu 60.

Paschke na ugonjwa wa Desemba

Msimu wa 2024/25 ulianza na hadithi tamu ya Pius Paschke, Mjerumani wa miaka 34. Umri ambao kwenye soka watu wanaanza kukuuliza unastaafu lini, yeye ndiyo kwanza akaanza kugawa dozi. Hadi katikati ya Desemba alikuwa ameshinda mara tano na jezi ya njano ya kinara ilikuwa mgongoni mwake.

Shabiki yeyote ambaye timu yake iliwahi kuongoza ligi hadi Krismasi anajua kilichofuata.

Yalipofika Mashindano ya Minara Minne, yale ya kuzunguka Oberstdorf na Garmisch-Partenkirchen kule Ujerumani, kisha Innsbruck na Bischofshofen kule Austria, gari la Paschke likazima. Waaustria wakachukua uwanja. Nchi hiyo ilikuwa imekaa miaka 10 bila kulibeba taji hilo, tangu Stefan Kraft alipolichukua msimu wa 2014/15, na safari hii walikuwa na watu watatu juu ya msimamo: Kraft mwenyewe, Jan Hörl na kijana wa miaka 22, Daniel Tschofenig.

Siku ya mwisho, Januari 6, 2025, Kraft aliingia akiongoza. Kwenye mruko wa mwisho akasubirishwa kule juu kwa sababu ya upepo, baridi inamla, maelfu wanamtazama. Hakuna benchi wala kocha wa kukwambia maneno mawili pembeni ya uwanja. Aliporuka, haikutosha. Tschofenig bingwa kwa pointi 1,194.4, Hörl 1,193.0, Kraft 1,190.3.

Tofauti ya wa kwanza na wa pili ni pointi 1.4. Kwenye minara hiyo mita moja ina thamani ya pointi 1.8, maana yake baada ya miruko nane kwenye minara minne, ubingwa uliamuliwa na kitu kisichofika hata sentimita 80. Tschofenig hakuishia hapo, akabeba na ubingwa wa msimu mzima.

Shikilia hizo sentimita 80, ndizo zinazoeleza kwa nini mtu anaweza kukesha akishona suti.

Cherehani usiku

Suti ya mrukaji ndiyo tanga lake. Ikipwaya kidogo, au ikikakamaa mahali fulani, inashika hewa zaidi na mtu anakaa juu muda mrefu. Ndiyo maana zinapimwa mwilini, zina kipimo cha kila sehemu, na msimu huo zilikuwa zimefungwa hadi chipu za utambulisho.

Usiku wa kuamkia shindano lile la Trondheim, watu wa timu ya Norway walirekodiwa kwa siri, kamera ikiwa nyuma ya pazia, wakizifanyia kazi suti huku kocha mkuu, Magnus Brevig, yupo humo humo chumbani. Video ikasambaa. Timu pinzani zikapeleka malalamiko, na wakaguzi ikabidi wafumue mishono ndipo waukute uzi mgumu uliowekwa kinyume cha sheria, ukiipa suti umbo pale miguu inapokutana.

Siku iliyofuata uongozi wa timu ukakiri kwamba ni udanganyifu. Kocha na watu wa vifaa wakasimamishwa. Lindvik na Forfang nao wakasimamishwa, wote wakisema hawakujua kitu. Agosti wakakubali adhabu ya miezi mitatu, ambayo walikuwa wameshaitumikia, kwa maelezo kwamba hawakujua, ila walipaswa kuuliza suti zao zinafanywa nini usiku.

Kwa upande wangu, adhabu hiyo ni ndogo mno. Sisemi vijana ni wezi. Lakini mchezaji wa daraja hilo anaijua suti yake kama straika anavyovijua viatu vyake, na akivikuta vimebadilika asubuhi ya mechi lazima aulize. Halafu kuna jambo linalouma zaidi: bila ile video, nani angefumua mshono?

Machi 2, siku sita kabla ya sakata, Lindvik alikuwa ametwaa dhahabu ya mnara mdogo hapo hapo Trondheim, mbele ya Mjerumani Andreas Wellinger. Dhahabu hiyo imebaki kwake, kwani hakuna aliyethibitisha chochote kuhusu suti ya siku ile. Kisheria ni sawa. Ila Wellinger kila akiitazama fedha yake, sijui anawaza nini.

Slovenia yacheka mwisho

Aliyeshinda lile shindano la Machi 8 alikuwa Domen Prevc wa Slovenia, nchi ya watu kama milioni mbili tu. Dada yake, Nika, alizoa dhahabu zote mbili za wanawake za mtu mmoja mmoja kwenye mashindano hayo hayo. Kaka yao mkubwa, Peter, alikuwa bingwa wa msimu wa 2015/16. Hiyo familia ni akademi.

Baada ya sakata, shirikisho la kimataifa likabana: suti moja kwa kila mrukaji, inawekwa chini ya ulinzi wa wakaguzi, unapewa dakika chache kabla ya kuruka.

Wengine wakatabiri kwamba miruko itafupika. Machi 14 kule Vikersund, siku moja kabla ya kutimiza miaka 20, Nika akaruka mita 236, rekodi ya dunia ya wanawake. Machi 30, siku ya kufunga msimu, Domen akapanda mnara wa Planica, nyumbani kwao, akajiachia, akakaa hewani hadi mita 254.5. Hivyo ni viwanja viwili vya mpira na karibu nusu ya cha tatu, mita moja zaidi ya rekodi aliyokuwa nayo Kraft tangu 2017.